Kuomba ruzuku ya kuwa mtafiti mkuu baada ya uzamivu: mwongozo kamili kwa mliopo Kigoma

Maandiko yanayofika mezani kwangu hapa Kigoma huwa na sayansi nzuri. Wenyewe wana shahada ya uzamivu, wana machapisho, na wanalijua Ziwa Tanganyika kuliko jopo zima litakaloketi kuwapima. Kisha majibu yanarudi, na karibu kila mara mpitiaji ameuliza swali lile lile: kazi hii ni yako au ni ya msimamizi wako?

Mwongozo huu unahusu ruzuku za aina moja tu, zile zinazomtoa mtafiti kwenye maabara ya mtu mwingine na kumpa bajeti, wasaidizi na mada yake mwenyewe. Anayetafuta ufadhili wa masomo, au anayeandika andiko la mradi wa halmashauri, hapa hatapata chake.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Dada yetu alisomea uzamivu Ulaya, akachunguza jinsi joto la maji linavyobadilisha chakula cha samaki ziwani. Amerudi Kigoma kwa mkataba wa miaka miwili. Sasa anataka kujua kwa nini dagaa wa miezi fulani huoza upesi wakianikwa, na wa miezi mingine hukauka vizuri. Mtu huyu sikumtoa sehemu moja. Nimemuunganisha kutoka kwa watu kadhaa niliowasomea maandiko.

## Viandae hivi kabla ya kufungua fomu

- Cheti cha uzamivu, pamoja na tarehe kamili iliyoandikwa juu yake. Kila mfadhili ana siku yake ya kuanzia kuhesabu miaka yako, kwa hiyo isome kwenye tangazo.
- Namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti mtandaoni, ile yenye tarakimu 16. Ni bure, na mifumo mingi ya maombi huiuliza.
- Wasifu katika muundo anaoutaka mfadhili. Ule wa kurasa kumi na mbili wenye semina zote ulizohudhuria uache nyumbani.
- Data ya awali, hata kama ni kidogo.
- Majina ya watu watatu hadi watano watakaokuandikia barua za marejeo, wawili wao wasiwe wasimamizi wako.
- Mhasibu wa taasisi yako, akiwa anakufahamu kwa sura.
- Mtu mmoja msomi asiye wa fani yako, mwenye ulimi mkali.
- Miezi sita. Mwenye miezi miwili asubiri dirisha linalofuata la maombi.

## Hatua ya 1: Chagua dirisha kwa kuangalia mambo matatu

Wengi huchagua kwa kuangalia kiasi cha fedha. Anza na maswali haya: taasisi mwenyeji, yaani itakayokuweka wewe na ruzuku yako, lazima iwe wapi, mfadhili anataka uwe na ajira ya namna gani, na miaka yako imebaki mingapi.

Mahali. Starting Grant ya Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, hufika hadi euro milioni 1.5 kwa miaka 5 na haijali uraia wako. Lakini taasisi mwenyeji lazima iwe katika nchi za Umoja wa Ulaya au zile zilizojiunga na mpango huo. Huwezi kuishikilia ukiwa umeajiriwa Kigoma. Early Career Award ya Wellcome, mfadhili wa Uingereza, kwa upande mwingine, inaruhusu taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati isipokuwa India na China bara. Hulipa mshahara na hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti, kwa kawaida kwa miaka 5. Hiyo unaweza kuikalia hapa hapa.

Ajira. Hapa watu hukwama bila kujua. K99/R00 ya taasisi za afya za Marekani, NIH, haimtaki mtu aliyekwisha kupata nafasi ya uhadhiri wa kudumu. Ni ya mtu ambaye bado yuko chini ya mwingine. Ruzuku ya OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, inayofika hadi dola 50,000, inakwenda kinyume chake: inataka mwombaji awe tayari ameajiriwa na taasisi ya nchi yake. Nafasi ile ile ya kazi hukufungia mlango huu na kukufungulia ule.

Miaka. K99/R00 hairuhusu zaidi ya miaka 4 ya utafiti baada ya uzamivu siku unapotuma, na kipimo hicho hutumika tena ukirudia ombi. Ukisubiri mwaka wa nne, umejinyima nafasi ya kurudia. Aliyejifungua katika kipindi hicho anaweza kuomba nyongeza ya mwaka mmoja, kwa hiyo akina dada msiione aibu kuitaja. Wellcome wao kwa kawaida hutaka mtu asiyezidi miaka mitatu ya uzoefu wa utafiti baada ya uzamivu.

K99/R00 inafaa kueleweka vizuri hata na asiyeiomba, kwa sababu muundo wake unaonyesha wafadhili wa aina hii wanawaza nini. Ina awamu mbili: hadi miaka 2 ukiwa bado na mlezi wa kitaaluma, kisha hadi miaka 3 ukiwa na maabara yako, kwa hadi dola 249,000 kwa mwaka. Si lazima uwe raia wa Marekani, ila awamu zote mbili ni katika taasisi za huko. Na awamu ya pili haiji yenyewe: lazima kwanza chuo kikupe nafasi ya uhadhiri, kisha NIH wakubali.

*Umefaulu hatua hii* ukiweza kuandika katika mistari mitatu: dirisha gani, taasisi gani mwenyeji, na kifungu gani cha tangazo kinachokuruhusu. Ukiandika "nadhani naruhusiwa", rudi ukasome, au waandikie barua pepe. Huwa wanajibu.

## Hatua ya 2: Chora mpaka kati yako na msimamizi wako

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Safu ya kwanza: vitu vilivyo vya msimamizi. Ya pili: vitu mlivyofanya pamoja ambavyo wewe ndiye uliyevibeba. Ya tatu: vitu ambavyo yeye hafanyi, hataki kufanya, au hawezi kufanya akiwa huko aliko.

Dada yetu alipojaza karatasi yake mara ya kwanza, safu ya tatu ilibaki tupu. Andiko lake lilikuwa kupima joto la ziwa kwa miaka mitano zaidi, kwa vifaa vya profesa wake na kwa modeli ya profesa wake. Mpitiaji angeuliza kwa haki: kwa nini tusimpe fedha profesa?

Tukamwuliza yeye binafsi amegundua nini tangu arudi. Akasimulia mwalo wa Kibirizi. Akina mama wanaoanika walimwambia kuna wakati dagaa "wana mafuta", wakianikwa wanageuka rangi na kutoa harufu hata kama jua lipo. Kule alikosoma alijifunza kupima mafuta ndani ya mwili wa samaki, kwa kazi nyingine kabisa. Profesa wake hajawahi kugusa suala la uanikaji, na kutoka Ulaya hawezi kuwa mwaloni alfajiri mitumbwi inapoingia. Safu ya tatu ikajaa ndani ya nusu saa.

Linganisha aya mbili. Ya kwanza:

"Utafiti huu utaendeleza kazi yangu ya uzamivu kuhusu athari za ongezeko la joto katika Ziwa Tanganyika."

Ya pili:

"Katika uzamivu nilijifunza kupima mafuta katika samaki wadogo. Mbinu hiyo sasa naipeleka kwenye swali ambalo kundi nililotoka halilifanyii kazi: je, mabadiliko ya mafuta ya dagaa kati ya msimu na msimu ndiyo yanayoamua kama wataoza kwenye chanja? Msimamizi wangu wa zamani ataendelea na modeli za joto la maji. Sampuli za mwaloni, data za uanikaji na machapisho yatakayotokana nazo ni zangu."

Sentensi mbili za mwisho zinaonekana kama utovu wa adabu. Kwetu mtu aliyekulea humwambii "hiki ni changu". Ndiyo maana lazima uongee naye kwanza, kwa heshima zote, umwombe aandike maneno hayo hayo kwenye barua yake. Msimamizi akiandika "mbinu hii ataondoka nayo, nami sitashindana naye", barua hiyo ina uzito kuliko sifa kurasa tatu.

Tahadhari. Msimamizi akisita kuandika hivyo, usilazimishe wala usimzunguke. Badilisha mada hadi mpate inayowatenganisha. Ni afadhali ugomvi huo uumalize mezani sasa kuliko uumalizie kwenye orodha ya waandishi wa makala miaka mitatu baadaye.

*Umefaulu* pale mtu wako wa ulimi mkali, akisoma aya moja, atakapoweza kusema wewe unafanya nini na profesa wako anafanya nini bila kuchanganya.

## Hatua ya 3: Ishughulikie taasisi yako mapema

Kuna mambo mawili hapa, karatasi na barua.

Kwa fedha za serikali ya Marekani, anayeomba kisheria ni taasisi, wewe ni mtafiti mkuu ndani ya ombi lake. Ukiomba ukiwa hapa nyumbani, taasisi lazima iwe na namba ya utambulisho iitwayo UEI, na iwe imesajiliwa katika SAM, mfumo wa serikali hiyo wa kusajili wanaoomba fedha zake. Taasisi ya nje ya Marekani huanza na namba nyingine iitwayo NCAGE. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka, na unaweza kuchukua wiki kadhaa, hasa jina la taasisi likiandikwa tofauti kwenye nyaraka mbili. Nenda ofisi ya fedha leo, toa shikamoo, uliza: "Usajili wetu wa SAM unaisha lini?" Wakikuuliza SAM ni nini, umeshapata jibu.

Barua ni jambo zito zaidi. Mfadhili anataka kujua taasisi inakupa nini. Barua isemayo "tunamuunga mkono kwa dhati" haimpi kitu. Barua nzuri inataja chumba, saa za kutumia maabara, asilimia ya muda utakaopunguziwa ufundishaji, na nini kitatokea mkataba wako ukiisha katikati ya ruzuku. Dada yetu ana mkataba wa miaka miwili na anaomba fedha za miaka mitano. Jopo litaona pengo hilo kabla halijasoma sayansi.

Andika rasimu ya barua mwenyewe, umpelekee mkuu aihariri. Siyo udanganyifu, ndivyo inavyofanyika karibu kila mahali. Ila isome tena baada ya kusainiwa. Ombi langu la kwanza kabisa lilikwenda na barua iliyonakiliwa kutoka kwa mwenzangu, na jina lake lilikuwa limebaki kwenye aya ya tatu. Mpitiaji mmoja aliuliza kwa upole huyo mwingine ni nani.

*Umefaulu* ukiwa na barua yenye angalau ahadi tatu zinazoweza kuhesabika.

## Hatua ya 4: Ukurasa mmoja wa malengo

Kabla ya andiko zima, andika ukurasa mmoja: tatizo, swali, malengo mawili au matatu, na nini kitabadilika. NIH wanautaka ukurasa huu kama sehemu ya ombi. Wengine hawautaki, uandike hivyo hivyo.

Andiko lenyewe litakuwa kwa Kiingereza, lakini swali lako lizungumze kwanza kwa Kiswahili. Mweleze mama mwanika dagaa pale Katonga. Akikuelewa, na akakuuliza "sasa mkishajua, mtatusaidiaje?", una ukurasa. Jibu unalompa yeye ndilo utakaloliweka kwenye aya ya mwisho.

Malengo yasitegemeane kama ngazi. Lengo la pili likihitaji la kwanza lifaulu, na la kwanza likaanguka, mradi mzima umekufa, na wapitiaji hulitafuta kosa hili kwa makusudi. Malengo ya dada yetu yako hivi: kupima mafuta ya dagaa mwezi hadi mwezi, kulinganisha uanikaji wa mchangani na wa kwenye chanja, kupima ubora baada ya kuhifadhiwa. Kila moja linasimama peke yake.

Ukiomba kwa mfadhili wa afya, uhusiano na afya uwe wa kweli. Dagaa ni mboga ya kila siku huku na lishe ya watoto wengi, kwa hiyo yeye hana haja ya kulazimisha. Anayechunguza miamba ya Uvinza atafute dirisha jingine.

## Hatua ya 5: Data ya awali

Kidogo kinatosha. Sampuli arobaini zilizopimwa vizuri, grafu moja safi, na sentensi moja inayokiri kasoro yake. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba unaweza kufanya kipimo hicho hapa ulipo, kwa umeme na vifaa vilivyopo.

## Hatua ya 6: Ratiba inayolijua ziwa

Wapitiaji wengine hawajawahi kufika huku, lakini mmoja huwa amefika. Huyo ndiye wa kumwogopa.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Dada yetu alikuwa ameandika mialo 3, siku 4 kila mwezi, miezi 24: siku 288 za sampuli. Ziwa likifungwa miezi mitatu kila mwaka, miezi ya kazi inakuwa 18, na siku zinashuka hadi 216. Tofauti hiyo ya siku 72 inagusa takwimu, posho na mafuta ya boti. Akairekebisha, na miezi iliyofungwa akaipangia kazi ya maabara na kupima dagaa waliokwisha kuhifadhiwa.

Kumbuka pia kwamba uvuvi wa dagaa kwa taa hupungua mbalamwezi ikiwa kali. Ukipanga siku zako nne ziangukie hapo, utakaa mwaloni unahesabu mitumbwi iliyopaki.

Vibali viweke ndani ya ratiba. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukihusisha watu au sampuli zao, unahitaji idhini ya maadili, na ngazi ya taifa iko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mwenye mada ya sokwe wa Gombe au wanyamapori wengine atapitia TAWIRI pia, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Sampuli zikitoka nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Wafadhili wengi hawadai kibali siku ya kuomba, wanakidai kabla fedha hazijaanza kutumika. Ratiba inayoanza kukusanya sampuli mwezi wa kwanza wa mradi inamwambia mpitiaji kwamba hujawahi kuomba kibali.

## Hatua ya 7: Bajeti, ukiwa umekaa na mhasibu

Fungua jedwali, kila mstari uwe na idadi, bei ya kimoja, na sababu. "Usafiri: dola 20,000" ni mstari unaokatwa. "Boti siku 216, lita kadhaa kwa siku, kwa bei ya leo Kigoma" ni mstari unaobaki.

Watu wetu husahau mambo manne: matengenezo ya vifaa, kusafirisha kemikali hadi Kigoma (bei ya Dar es Salaam si bei ya hapa), betri au jenereta ya kulinda jokofu la sampuli, na kushuka kwa thamani ya fedha katika miaka mitano.

Usijipunguzie ili uonekane mwenye busara. Wapitiaji wanajua kazi hugharimu nini, na bajeti ndogo mno huwaambia kwamba hujawahi kuiendesha. Weka msaidizi wa utafiti kwa mshahara halali, na ujiwekee muda wako mwenyewe kama tangazo linaruhusu. Mtafiti mkuu anayejilipa sifuri anaonekana bado ni mwanafunzi.

*Umefaulu* mhasibu akisaini bila kuuliza swali ambalo huna jibu lake.

## Hatua ya 8: Barua za marejeo

Waombe wiki sita kabla. Watumie ukurasa wa malengo, na mstari mmoja wa jambo ambalo kila mmoja anaweza kulishuhudia yeye peke yake. Watatu wakisema "ni mchapakazi" umepata barua moja. Wakumbushe wiki mbili kabla, tena siku tatu kabla, bila haya.

## Hatua ya 9: Kutuma

Mitego hapa ni ya saa. Ombi la Uingereza likifungwa 17:00 saa za London, kwetu ni saa mbili usiku kipindi cha baridi chao na saa moja usiku kipindi cha kiangazi chao, kwa kuwa wao husogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. NIH hutumia saa 11 jioni ya mahali ilipo taasisi inayoomba. Andika saa ya Kiswahili kwa kalamu nyekundu ukutani.

Jiwekee tarehe yako ya mwisho siku tano kabla. Mifumo mingi inataka mtu wa taasisi abonyeze idhini baada yako, na mtu huyo anaweza kuwa njiani kwenda Tabora. Uwe na laini mbili za simu zenye bando, za mitandao tofauti, na faili zote kwenye flashi.

Tahadhari. Kubonyeza "tuma" si mwisho. Pakua faili iliyounganishwa na mfumo, uisome ukurasa kwa ukurasa. Grafu hupotea, na herufi hugeuka visanduku.

*Umefaulu* ukiwa na barua pepe ya uthibitisho yenye namba ya ombi, na nakala ya PDF uliyoisoma yote.

## Hatua ya 10: Usaili, na majibu

Wellcome huwaita kwenye usaili waliochujwa. Swali la mpaka litarudi, safari hii kwa mdomo: "Msimamizi wako akianza kufanya hili kesho, utafanya nini?" Fanya mazoezi ya kulijibu kwa dakika moja, mbele ya mtu atakayekukatiza.

Majibu ya NIH huja na alama 1 hadi 9 kwa kila kigezo kinachopewa alama, na 1 ndiyo bora. Kuna aliyenipigia simu akishangilia 8.

Ukikataliwa, usiwajibu wiki hiyo. Soma maoni mara moja, yafunge, yafungue baada ya siku kumi. Kisha yagawe mafungu mawili: yanayohusu sayansi, na yanayohusu kama wewe unaweza kusimama peke yako. La kwanza hurekebishwa kwa data. La pili hurudi kwenye karatasi ya safu tatu, kwa msimamizi na kwa barua ya taasisi, na ndilo la kuanza nalo. NIH huruhusu kurudia ombi lile lile mara moja, ndani ya miezi 37, pamoja na ukurasa wa utangulizi unaoeleza umebadilisha nini. Katika ukurasa huo, taja kila hoja ya mpitiaji na pale ulipoijibu. Asipokuwa sahihi, mwonyeshe data, bila neno la ukali hata moja.